Barua ya wazi kwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi ya Uganda: shukeni chini ya madaraja kabla ya mvua

Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi, Katibu Mkuu wa Wizara, wahandisi wa madaraja, na waheshimiwa wabunge wa Kamati ya Miundombinu,

Nawasalimu kwa heshima zote.

Mimi ni fundi wa zege. Nimeshastaafu, naishi Bweyale wilayani Kiryandongo, si mbali na daraja la Karuma, lile la kuvuka mto Nile kwenda Gulu. Kwa miaka 31 nimesuka nondo, nimefunga mbao, nimemwaga zege la matangi, la makalavati na la madaraja, hapa nyumbani na ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyonilisha. Saitini Mwacholi, Mganda, Mlugbara na Mluhya tulielewana kwa hiyo, na madereva wa matrela yanayotoka Mombasa kwenda Juba, ambao roho zao ziko juu ya madaraja yetu kila siku, huongea hiyo hiyo.

Nina ombi, nalo nalitaja mapema msije mkachoka kabla sijalifikia. Kabla ya mvua zijazo, tumeni watu washuke chini ya kila daraja la zege la barabara kuu lililojengwa miaka ya 1960 na 1970. Washuke na nyundo, ngazi na tochi. Watakachokikuta kiandikwe, na kitangazwe.

Mnakumbuka Karuma. Daraja lile lilijengwa 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru. Mei 2024 mabasi na malori yalizuiwa kulivuka, na tarehe 23 Septemba likafungwa kabisa ili litengenezwe, mpaka Desemba. Kwa mtu anayetazama ramani akiwa Kampala, hiyo ni miezi mitatu tu. Huku kwetu barabara ilinyamaza. Usiku, badala ya ngurumo za matrela, tulisikia vyura. Lori la kwenda Gulu lililazimika kuzungukia Tirinyi na Soroti mpaka Lira. Magari madogo yakapitia Masindi na Paraa kwenda Pakwach. Jirani yangu, mama anayeuza mihogo ya kuchemsha na mahindi ya kuchoma kando ya barabara, alikuwa akirudi jioni na beseni limejaa kama alivyotoka nalo asubuhi. Muhogo wa kuchemsha haulali. Nilimwona akiwagawia watoto wa mtaani kimya kimya, huku anahesabu kichwani.

Sisemi kulifunga ilikuwa kosa. Waliofanya uamuzi ule walifanya sawa, na huenda waliokoa maisha ya watu. Ninachouliza ni kwa nini tusubiri hadi daraja lifike mahali ambapo dawa iliyobaki ni kulifunga. Zege halizeeki usiku mmoja. Linatoa ishara kwa miaka kumi, kwa miaka ishirini, na ishara zenyewe ziko chini ya sakafu, mahali ambapo anayepita na gari hawezi kuziona.

Niruhusuni nieleze linavyougua, maana miongoni mwenu wamo wasio wahandisi.

Nondo iliyo ndani ya zege zuri haishiki kutu. Sementi ina ukali wa alkali, pH yake, yaani kipimo cha ukali huo, inakaribia 13, na ukali huo huivika nondo ngozi nyembamba mno, isiyoonekana kwa macho, inayoilinda. Lakini hewa ukaa, iliyomo hewani siku zote na inayozidishwa na moshi wa magari, hupenya polepole kwenye vitundu vya zege na kuuzima ukali ule. pH ikishuka chini ya 9 ile ngozi inavunjika. Hapo nondo ikipata maji na hewa, kutu inaanza.

Na kutu hunenepa. Chuma kikishageuka kutu hutaka nafasi kubwa kuliko ya kwanza, mara mbili, hata mara sita. Zege ukilikandamiza ni jabari, ukilisukuma kutoka ndani ni dhaifu kama chungu. Linapasuka. Maji yanapata njia, kutu inaongezeka, ufa unapanuka, na mwisho kipande kizima kinajibandua na kuanguka.

Mwendo wa hewa ukaa ndani ya zege una hesabu yake: unafuata kipeuo cha pili cha miaka. Ikiwa imeingia milimita 20 kwa miaka 16, itafika milimita 40 kwa miaka 64. Fikirieni basi daraja la umri wa Karuma, ambalo nondo zake zilifunikwa kwa zege la milimita 40. Ndiyo maana madaraja ya rika moja huanza kuumwa pamoja. Na pale ambapo mtu alisahau kuweka biskuti, vile vipande vidogo vya zege vinavyoinua nondo isilalie mbao, zege la kuifunika limebaki milimita 15 au 10. Hapo ugonjwa ulishaingia zamani, wala msisubiri miaka 60.

Wenzetu Waingereza wana adui mwingine. Zile barabara za juu zinazopita Birmingham, zilizofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ziliharibiwa na chumvi wanayoimwaga barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Maji ya chumvi yalipenya kwenye viungo vya sakafu, yakashukia mihimili iliyo chini, na chumvi huivunja ile ngozi ya nondo hata kama ukali wa sementi bado upo. Sisi hatumwagi chumvi, na bahari iko mbali. Lakini mlango ulioiingiza kule ndio unaoingiza maji hapa kwetu, yaani kiungo kinachovuja. Tena msiondoe hesabu ya chumvi moja kwa moja. Miaka ya 1960 ilikuwa kawaida duniani kuchanganya kalsiamu kloraidi kwenye zege ili ligande haraka, na hiyo ni chumvi iliyozaliwa pamoja na daraja. Unga wa zege utobolewe kidogo kidogo kwa kina, upimwe maabara, ijulikane.

Siku moja baada ya mvua kubwa, simameni chini ya kiungo cha daraja lolote kuukuu, ule mwanya ulioachwa ili sakafu ipate kutanuka kwa joto. Mpira wake utakuwa umekatika au umejaa mchanga. Maji yanadondoka juu ya kichwa cha nguzo, yanakaa hapo hapo palipo na vikalio vya kubebea mihimili, yanatiririka na kuacha mistari miwili: mmoja mweupe kama maziwa yaliyokauka, hiyo ni chokaa inayooshwa kutoka kwenye zege, na mwingine wa rangi ya chai ya rangi. Huo wa chai ni nondo inaondoka.

Sasa niseme jambo ambalo limenikaa moyoni miaka mingi. Tuliwahi kupewa kazi ya kutengeneza daraja dogo la zege. Mkandarasi simtaji na mto siutaji. Nilipanda jukwaa la miti nikaanza kugonga mhimili kwa nyundo. Zege zima hulia kwa sauti kali, ya juu. Lililoachana na nondo hulia bovu, zito, kama kugonga papai lililoiva. Mhimili ule ulilia bovu karibu urefu wa mtu. Pigo la tatu likaangusha kipande cha ukubwa wa sinia, na nyuma yake nikaiona nondo imechanika maganda maganda kama kitunguu. Niliyabandua kwa vidole. Chuma kilichokuwa kinene kama kidole gumba kilikuwa kimebaki kama penseli.

Nilimwita msimamizi. Alitazama, akatazama saa, akaniambia, "Fundi, piga plasta. Wiki ijayo wanakuja kupokea kazi." Nikapiga. Nilisuguasugua ile nondo kwa brashi ya waya upande wa mbele tu, nikatupia mchanga na sementi, nikasawazisha kwa mwiko hadi mhimili ukang'aa. Waliokuja kupokea kazi walisimama juu ya daraja, wakatia sahihi, wakaondoka. Baada ya misimu miwili ya mvua nilipita pale nikamwomba dereva asimame. Plasta yangu ilikuwa imelala majini, bapa zima, na alama za mwiko wangu bado zinaonekana juu yake. Pale ilipobanduka, nondo ilikuwa nyembamba kuliko nilivyoiacha.

Sisi wote tumelelewa na ule msemo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye ukuta wa udongo ni kweli. Kwenye zege lenye nondo msemo huo umetupotosha mafundi wengi, maana tunaziba ufa na kufungia kutu ndani. Ufa kwenye daraja ni kinywa cha daraja kinachosema kitu. Usikilizwe kwanza ndipo uguswe.

Kazi halali ilikuwa hivi. Kwanza daraja lishikiliwe kwa nguzo za muda, maana unapokata zege la mhimili unaupunguzia nguvu. Kisha zege bovu likatwe mpaka nyuma ya nondo, vidole viweze kuizunguka, na ukataji ufuate nondo hiyo kushoto na kulia hadi pale chuma kinapoonekana safi. Nondo ipulizwe mchanga kwa presha mpaka ing'ae pande zote. Iliyopungua unene, mhandisi apige hesabu na kuongeza nyingine pembeni. Ndipo litiwe zege la matengenezo linaloshikamana na la zamani, na lifunikwe magunia yenye maji kwa wiki nzima. Hiyo wiki ya magunia ndiyo mkandarasi mwenye haraka huiiba kwanza, na hakuna anayeigundua siku ya kupokea kazi.

Kuna jambo la hila zaidi ambalo nililijua nikiwa nimeshazeeka kazini. Ukitia zege jipya sehemu moja, hasa kwenye zege lililoingiwa na chumvi, nondo inayopakana nayo ndani ya zege kuukuu huanza kuliwa kwa kasi. Kutu ni kazi ya umeme mdogo unaopita ndani ya chuma: upande mmoja unaliwa, wa pili unalindwa. Sehemu uliyoitibu ilikuwa ndiyo inayoliwa, na kwa kuliwa kwake ilikuwa inawalinda majirani zake. Umeitibu, majirani wamebaki bila ngao. Ndiyo sababu kiraka kizuri kabisa hupata ufa mpya pembezoni mwake baada ya miaka michache.

Dawa yake ipo, tena tunaijua sote bila kujua kwamba tunaijua. Bati la nyumba limepakwa zinki. Zinki huliwa ili chuma kilicho chini yake kibaki. Vipande vya zinki vikifungwa kwenye nondo pembezoni mwa kiraka, hufanya kazi hiyo hiyo ndani ya zege. Kwa daraja lililoharibika sana kuna njia ya kuingiza umeme hafifu kwa makusudi, siku hizi mara nyingi kupitia wavu wa titani uliobandikwa juu ya zege, ili nondo yote ilindwe. Marekani walianza kuijaribu kwenye sakafu ya daraja huko California mwaka 1973, na kwenye zile barabara za Birmingham imetumika kwa miaka mingi. Njia hiyo ina masharti. Inataka umeme usiokatika na mtu wa kuusoma kila mwezi; ikiachwa ni waya tu ukutani. Kwa hiyo kwa sehemu nyingi za nchi yetu ningeanza na zinki.

Lakini kabla ya zinki, na kabla ya zege jipya, ni maji. Zibueni mabomba ya kutolea maji. Kazi hiyo ni ya vijana wawili, koleo na asubuhi moja. Badilisheni mipira ya viungo. Mkichimbua lami ya daraja, msiirudishe bila kuweka chini yake utando wa kuzuia maji. Nyuso zilizo wazi zipakwe dawa ya sileni, inayoingia ndani ya zege na kulifanya liyakatae maji kama jani la myugwa linavyoyakataa, ilhali unyevu uliomo ndani unaendelea kutoka. Mkitibu nondo huku kiungo kinavuja, mmefanya kama mimi nilivyofanya.

Wala kila ufa si wa kutu. Zege la bwawa la Nalubaale pale Jinja, lililofunguliwa 1954, lina ugonjwa mwingine: mawe yaliyotumika yanapigana na alkali ya sementi, zege linavimba lenyewe. Ukilitibu kwa dawa ya kutu hujalisaidia. Ndiyo maana naomba vipimo kabla ya zabuni. Kipimo cha hewa ukaa ni chupa ya fenoftaleini. Unavunja kipande, unanyunyizia, na palipo salama panageuka waridi kali huku palipokufa pakibaki kijivu. Kijana wa sekondari anaweza kukisoma. Kifaa cha kupima kina cha nondo hushikwa kwa mkono mmoja, na cha kupima kama kutu inaendelea ni waya, mita na kopo dogo lenye dawa ya shaba. Vifaa vya daraja moja hubebwa na pikipiki.

Macho peke yake hayatoshi, na mfano mchungu upo. Tarehe 14 Agosti 2018 daraja la Morandi huko Genoa, Italia, lililofunguliwa 1967, lilianguka na kuua watu 43. Nyaya zake za chuma zilikuwa zimefungiwa ndani ya zege. Kutu ilizila humo humo, na magari yakaendelea kupita juu mpaka asubuhi ile.

Kuhusu fedha. Mwaka 1984 mhandisi De Sitter aliweka kanuni ambayo bado inafundishwa: shilingi moja isiyotumika kujenga vizuri itadai shilingi tano za matunzo, hizo tano zisipotolewa, zitadaiwa 25 za matengenezo, na hizo zikikosekana, 125 za kujenga upya. Mwaka wa fedha unaanza Julai. Waheshimiwa wabunge, naomba matunzo ya madaraja yawe na fungu lake, lisichanganywe na la kufukia mashimo ya barabara, maana shimo linapiga kelele na daraja linanyamaza. Mkivichanganya, shimo litakula zote. Mei 2023 mafuriko yalipoikata barabara ya Masaka pale mto Katonga, fedha zilipatikana haraka. Zile za kuzibua bomba zinashindikana vipi?

Kuna daraja ambalo kwake hatujachelewa. Lile la Nambigirwa kwenye barabara ya haraka ya Entebbe, mita 1,450, ndilo refu kuliko yote nchini. Lilifunguliwa 2018 na limesimama juu ya kinamasi cha mafunjo, unyevu unalipanda usiku na mchana. Tangu Januari 2022 tunalipa ushuru kupita barabara ile. Naomba sehemu ya ushuru huo itengwe kwa ajili ya zege lenyewe, sasa likiwa changa, wakati kulipaka na kulipima ni bei ya chini. Liwekeeni rekodi tangu sasa: hewa ukaa imeingia milimita ngapi mwaka huu, milimita ngapi baada ya miaka mitano.

Kazi za UNRA, ile mamlaka ya barabara kuu za taifa, zimerudi wizarani kwenu. Mafaili ya madaraja nayo yamehama ofisi, pamoja na michoro ya zamani inayoonyesha nondo zilipo na unene wake. Tafadhali yatafutwe, yanakiliwe kwenye kompyuta. Mchoro wa 1963 ukipotea, fundi wa leo atakata zege kwa kubahatisha.

Na sisi wananchi tuna fungu letu la lawama. Kuna wanaofungua bolti za vizuizi na kung'oa vifuniko vya mifereji ya daraja kwenda kuviuza kwa kilo. Mnunuzi wa chuma chakavu anakijua kipande cha daraja akikiona, naye aulizwe. Malori yanayozidisha uzito nayo, mizani ipo, itumike.

Mkimaliza kukagua, msifungie ripoti kabatini. Kwenye nguzo ya kila daraja bandikeni kibao: lilijengwa mwaka gani, lilikaguliwa lini, hali yake ni nzuri, ya wastani au mbaya, ukaguzi ujao lini. Dereva wa trela asome. Mama wa mihogo asome, ajue kama apande mihogo zaidi au atafute pahali pengine pa kuuzia.

Jambo la mwisho ni la mafundi. Kwenye mikataba yenu, ipokeeni kazi kutoka chini. Anayetia sahihi apande ngazi, agonge kila kiraka kwa nyundo yake mwenyewe, na kilicholia bovu kikatwe siku hiyo hiyo. Na mlipeni mkandarasi sehemu ya mwisho baada ya misimu miwili ya mvua, kwa sababu ile plasta yangu isingevuka hapo.

Mkishuka Karuma, nipo saa moja kutoka hapo kwa bodaboda. Ngazi ninayo. Nyundo yangu ya kugongea ina mpini wa mti wa mpera na bado ninaisikia vizuri. Niko tayari kuja kuwaonyesha vijana wenu sauti zile mbili, bila malipo, siku yoyote kabla mvua haijaanza.

Wenu katika kazi,

Fundi wa zege mstaafu
Bweyale, Kiryandongo